Hatua Chache Kutoka Ufuoni

Fungua ukurasa wa hoteli yoyote ya Pwani ya Kenya, kisha uhesabu miguu. Sitanii. Kuna miguu ya wapenzi wawili wanaotembea kwenye mstari wa maji, nyayo zao zikibaki nyuma. Kuna miguu ya mtoto anayekimbiza kaa. Na kuna ile picha ambayo hata wewe unayesoma hapa unayo kwenye simu, usikatae: miguu miwili imenyooshwa juu ya kitanda cha ufuoni, kucha zimepakwa rangi, kando kuna dafu lenye mrija, na bahari iko mbele inasubiri. Uso hauonekani, wala hauhitajiki. Miguu ndiyo inayosema, "Niko likizo."

Nimekuwa nikizisoma picha hizi kwa miaka jinsi watu wengine wanavyosoma riwaya za mapenzi, kwa raha na kwa shaka kidogo. Ni utanzu wenye kanuni zake. Lazima pawe na mnazi ulioinama kama unaosikiliza umbea. Lazima pawe na mashua yenye tanga jeupe. Lazima jua liwe linazama baharini, ingawa pwani yetu inatazama mashariki na jua letu huzamia bara, nyuma ya hoteli na maduka ya Ukunda. Nikiona machweo juu ya maji kwenye tangazo la Diani, najua picha imeazimwa kwingine, ama ni alfajiri iliyobatizwa jioni. Na lazima awepo mtu anayetembea. Hiyo ndiyo kanuni ambayo bado sijaiona ikivunjwa.

Mimi natumia kiti cha magurudumu tangu nikiwa darasa la sita. Kiti kama changu hupigwa picha sana nchini humu, tena na wapiga picha wa kulipwa, ila kwenye utanzu mwingine kabisa. Huo nao una kanuni zake: uwanja wa shule, hema, viti vipya vimepangwa foleni na nailoni bado haijatolewa, mheshimiwa ameshika mpini, na aliyeketishwa anatabasamu kwa sababu ameambiwa atabasamu. Katika picha hizi kiti cha magurudumu ni cha kupewa, na katika zile nyingine bahari ni ya kununua. Moja inaomba shukrani, nyingine inaomba pesa zako. Disemba ikifika na fomu ikawa ni moja, Nairobi nzima kushuka Pwani, hakuna anayemfikiria mtu aliye kwenye utanzu wa kwanza kama mteja wa utanzu wa pili. Kwani sisi hatuna mbogi? Hatuna mishahara? Hatutaki kulala mchana siku ya Jumanne bila sababu?

Maneno yanayoandamana na picha hayana nafuu. Sentensi inayopendwa kuliko zote ni "hatua chache kutoka ufuoni." Nimeiona kwenye matangazo ya hoteli kubwa, ya nyumba za kupangisha kwa wikendi, hata ya chumba kimoja nyuma ya duka la mtu. Hatua ni kipimo, na kila kipimo kina mtu aliyefikiriwa kilipowekwa. Vile vipimo vya kale vya Kiswahili tulivyofunzwa shuleni, shibiri na dhiraa na pima, vilikuwa vya mkono. Mikono ninayo. Wangeniambia ufuo uko pima mia moja ningejua pa kuanzia. Lakini hatua chache? Kwangu hatua moja ya zege yenye kimo cha sentimita 15 ni mbali kuliko kilomita moja ya lami.

Kitu ninachotaka kusoma ni sentimita. Kiti changu kina upana wa sentimita 64 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mlango wa choo wenye sentimita 60 umenifungia hata kama uko wazi. Kati ya namba hizo mbili kuna likizo nzima, na katika kurasa zote nilizozipitia mwaka huu nikitafuta pa kwenda, hoteli zimeniambia aina ya shuka, idadi ya nyuzi ndani ya shuka, jina la mpishi na harufu ya sabuni. Upana wa mlango, hapana.

Badala yake kuna kifungu kimoja, kwa kawaida chini kabisa, karibu na masharti ya kuleta mbwa: tunavyo vyumba viwili kwa wageni wenye mahitaji maalum. Hebu tuyasome hayo mahitaji. Kupita mlangoni. Kwenda haja bila shahidi. Kuoga. Kufika baharini, kwa sababu nilikuja baharini. Nitajie mgeni mmoja asiye na mahitaji hayo. Anayetaka mto wa manyoya ya bata na kahawa ya maziwa ya lozi haambiwi ana mahitaji maalum, anaambiwa karibu sana.

Mwaka juzi nilipigia hoteli moja ya Pwani ya Kusini. Jina nitaliacha.

"Karibu sana, dada. Ndiyo, rampu tuko nayo."

"Rampu ya kwenda wapi?"

Kimya kidogo. "Ya mapokezi."

"Na ya kwenda ufuoni?"

"Ufuoni si ni mchanga, dadangu. Lakini wewe usijali. Vijana wapo. Watakubeba tu."

Ningependa wahakiki wenzangu wanisaidie kulisoma hilo neno la mwisho. "Tu" ni silabi moja ila inafanya kazi ya kampuni nzima ya ujenzi. Inaondoa ngazi, inaondoa mchanga, inaondoa hata swali. Watakubeba tu: yaani ni jambo dogo, la kawaida, tushalimaliza. Ni dogo kwa nani? Anayesema "tu" ni yule asiyebebwa.

Rampu yenyewe, nilipofika, ilikuwa imejengwa kwa ajili ya mikokoteni ya mizigo. Ilikuwa na mteremko wa kuteleza kama pale Likoni maji yakiwa yamepwa. Kanuni inayojulikana kote ni kwamba rampu ikipanda sentimita 1, iwe imekwenda sentimita 12 kwa urefu. Hii haikuwa na habari hiyo. Mkokoteni hauogopi kuanguka chali. Chumbani mlango ulinitosha, wa choo ukanikataa, fundi akaja akaung'oa na kuning'iniza pazia. Ilikuwa ni ukarimu, na sisemi kwa kejeli. Ukarimu wa Pwani si hadithi ya vitabuni. Watu wale walihangaika kwa ajili yangu kwa roho safi. Ndiyo maana inakuwa vigumu kulalamika. Unamlalamikiaje mtu aliyeng'oa mlango kwa ajili yako? Lakini ukarimu ulikuja kufanya kazi ambayo mchoraji wa jengo alipaswa kuifanya kwa penseli miaka mingi kabla, kwa gharama ya sentimita ishirini za matofali.

Njia ya saruji iliisha kwenye ukuta mfupi na ngazi tatu. Ng'ambo yake kulikuwa na mchanga, na mbali huko, bahari. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma kiti kwenye mchanga mkavu anajua kinachotokea: vile vigurudumu vidogo vya mbele vinazama, vinageuka upande, kiti kinakwama kama punda aliyechoka, na ukiendelea kusukuma ni wewe utakayeendelea mbele bila kiti. Ukikivuta kinyumenyume kinakwenda kidogo. Chumvi na mchanga huingia kwenye bearingi, na wiki ijayo uko kwa fundi wa baiskeli mtaani unamweleza ulikokuwa.

Basi nikabebwa. Vijana wanne, mmoja kila pembe ya kiti, saa nne asubuhi kwa sababu saa nne ndipo walipokuwa na nafasi. Zilikuwa siku za bamvua na maji yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba, kwa hiyo walinibeba na kunibeba, wakibadilishana mikono, tukipita kando ya watalii waliositisha mpira wao wa ufuoni ili watutazame. Mmoja alipiga makofi. Mwingine alirekodi. Baadaye video ile niliiona mtandaoni imewekewa kinanda cha huzuni, na maandishi yanayomwuliza mtazamaji: kama yeye ameweza, wewe una kisingizio gani? Huo ni utanzu wa tatu, na naomba niuseme kwa ufupi kwa sababu unanichosha: kiti kikionekana kwenye raha, lazima raha igeuzwe kuwa ushujaa. Mimi sikuweza chochote siku ile. Nilibebwa. Na nilikuwa nimekuja kuogelea, si kumhimiza mtu wa Thika aende mazoezini.

Zamani, wenye cheo kwenye pwani hii walibebwa kwa machela mabegani mwa watu, na sijasikia popote kwamba waliambiwa pole. Leo machela ni ya hospitalini. Kubebwa kwa amri yako na kubebwa kwa nafasi ya wengine si kitenzi kimoja, hata kama kamusi imeviweka mstari mmoja.

Sasa nitasema jambo ambalo matangazo yote yale yanalikosa, na ambalo lilinifanya niandike haya. Bahari ndiyo mahali panapohitaji miguu kuliko mahali pote? Kinyume chake kabisa. Ndani ya mwamba, maji ya Diani yakiwa kifuani, mawimbi yameshavunjikia nje na yanayokufikia ni kama pumzi. Chumvi inakuinua. Hakuna anayetembea majini. Watu wazima wenye miguu yao mizuri wanapepesuka, wanarusharusha mikono, wanacheka. Pale tulikuwa sawa, na hakuna aliyehitaji kuifanya hotuba. Kiti kilikuwa mchangani kinalindwa na kijana mmoja aliyekikalia, na kwa muda wa kama dakika ishirini nilikuwa na mwili usiohitaji maelezo. Niliogelea chali. Niliona ndege. Kisha mmoja akapiga mluzi kutoka ufuoni, kazi nyingine ilikuwa inawangoja, na nikatoka kwa sababu wao walitakiwa kutoka.

Yaani mahali ambapo kiti hakihitajiki kabisa pamezungukwa na mkanda wa mchanga ambao kiti hakiwezi kupita. Mkanda wenyewe si mpana. Mchanga ulioachwa na maji ni mgumu, unapitika. Jirani yangu mmoja anayetumia kiti hupenda kujisukuma mwenyewe juu ya mchanga mbichi maji yakipwa, anasema ni afadhali kuliko barabara za Eastleigh. Tatizo ni ule mkavu, wa juu, kati ya ukuta wa hoteli na alama ya maji kujaa. Pale ndipo likizo yangu inapokwama.

Utasema mchanga ni mchanga, Mungu aliuumba hivyo. Nami ningekubali, kama si harusi.

Jumamosi ya wiki ileile kulikuwa na harusi ufuoni. Tangu asubuhi vijana walewale walionibeba walikuwa wakitandaza mbao, ubao kwa ubao, kutoka bustanini, juu ya zile ngazi tatu (ambazo ziliwekewa mteremko wa mbao kwa nusu saa), zikakata mchanga mkavu wote na kuishia karibu kabisa na maji. Juu yake zulia jeupe. Nikauliza ni za nini. Nikaambiwa ni kwa ajili ya visigino vya viatu vya bibi harusi, visizame. Nilitazama kazi ile kama mtu anayetazama fasiri ya kitabu alichoambiwa hakifasiriki. Jioni, ngoma zikiwa zimeanza, nilimwomba msimamizi aziache hadi asubuhi.

"Hizo ni za harusi, dada," akaniambia, kwa upole kabisa.

Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu mchanga. Ufuo huohuo unapitisha ngamia wa kukodisha, pikipiki za magurudumu manne, majenereta ya tamasha la mwaka mpya na meza za chakula cha jioni zenye vitambaa vyeupe. Mchanga hushindwa kila wikendi. Swali ni unashindwa kwa ajili ya nani. Na kila kinachohitajika kimeshabuniwa. Kuna mikeka migumu ya plastiki inayokunjuliwa juu ya mchanga ikawa njia. Kuna viti vyenye magurudumu manene yaliyojaa upepo, yasiyozama. Wafaransa wana kiti kiitwacho Tiralo kinachoingia hadi majini na kuelea. Wagiriki walibuni Seatrac, reli inayoanzia ufuoni na kuingia baharini, yenye kiti kinachotumia nguvu ya jua, na aliyekaa ndiye anayekiendesha kwa kidude cha mkononi. Imewekwa kwenye fuo zaidi ya 100 za nchi yao. Ninachokipenda kwenye reli ile si teknolojia. Ni kwamba hakuna anayekupigia mluzi utoke.

Lakini hata bila Ugiriki. Hii ni pwani ya watu wanaounda majahazi, wanaosuka makuti, wanaofuma mikeka. Huwezi kuniambia imeshindwa na mita thelathini za njia. Tena hapo njiani kuelekea Malindi, ukitoka Mombasa kisiwani, kuna Bombolulu, karakana zilizoanzishwa mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu wa viungo hutengeneza mapambo, mikoba na nguo. Watalii hupelekwa kwa mabasi. Hununua, hupiga picha, hurudi hotelini. Pwani imejua kwa zaidi ya nusu karne jinsi ya kuuza kazi ya mikono ya watu kama mimi kwa mgeni. Bado haijajua kumwona mtu kama mimi akiwa ndiye mgeni. Sina neno na Bombolulu, mkoba nilionao nilinunua huko. Nina neno na basi linalorudi.

Kuhusu sheria nitapita haraka, manake karatasi zetu ni nzuri kuliko ngazi zetu. Sheria ya mwaka 2003 ya watu wenye ulemavu iliwapa wenye majengo yanayotumiwa na umma miaka 5 ya kuyarekebisha. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inasema tuna haki ya kufika mahali pote, na pia, jambo ambalo mhakiki hulipenda, haki ya kutajwa kwa namna isiyotudhalilisha. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya badala ya ile ya zamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja hata maeneo ya utalii kwa jina. Hoteli iliyojengwa mwaka jana, kwa vibali vyote, bado inaweza kukupokea kwa ngazi tano na bango la karibu.

Hoja ya pesa ndiyo hupendwa kuliko zote. Mko wangapi kwani? Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki 9 wenye ulemavu nchini, asilimia 2.2 ya waliokuwa na miaka mitano na zaidi, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya sita duniani ana ulemavu mkubwa wa aina fulani, na hao wengine pia hupanda ndege. Lakini mimi sipendi kujibu hoja hii kwa namba. Meneja anayesema "hatupati wageni wa aina yenu" amejenga ukuta, kisha akahesabu waliouruka. Na hajamhesabu nyanya aliyebaki kwenye bustani akishika mikoba ya familia wakati wengine wako majini, kwa sababu magoti yamekataa ngazi tatu. Kila familia iliyokwenda Pwani ina picha ya nyanya huyo. Anatabasamu, lakini miguu yake imekauka.

Kuna mahali ambapo nakubali kushindwa. Mji wa kale wa Lamu una vichochoro vya upana wa punda na mabaraza yanayoingia njiani, na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001; kupanda na kushuka boti pale ni shughuli hata kwa aliyezaliwa Shela. Sitaki mtu aje na nyundo kwa niaba yangu. Nitakaa barazani, watu watapita, na hiyo nayo ni likizo. Hoteli iliyomwagwa saruji juzi haina urithi wa kusingizia.

Cha ajabu, mahali nilipopata karibu na nilichotaka hapakuwa hotelini. Palikuwa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ule tunaouita Pirates. Hakuna rampu ya maana pale pia, na choo sitakizungumzia. Lakini kuna vijana wanaokodisha matyubu, yale ya magari makubwa yaliyojazwa upepo, na kijana mmoja hakuniuliza kama nimekuja kutibiwa wala hakunionea huruma. Aliangalia kiti, akaangalia mchanga, akasema, "Sista, hapa tutafunga tyubu mbili chini, halafu tuvute kama mtumbwi." Ikawa mtumbwi. Ulienda upande, tukacheka, akanitoza bei ya kila mtu kisha akaniongezea ya tyubu ya pili. Nililipa kwa furaha. Kwa mara ya kwanza kwenye ufuo wa nchi yangu, nilikuwa mteja mwenye tatizo la kihandisi.

Sasa ule wimbo. Mnaujua, kila hoteli huupiga mgeni akishuka garini: "Jambo Bwana", wa Them Mushrooms, wa mwaka 1982. Ni wimbo mzuri kuliko tunavyoupa heshima. Umebeba Kiswahili hadi mahali ambapo walimu wetu hawajafika. Lakini usikilize kama ahadi. Unamwambia mgeni kwamba amekaribishwa na kwamba kwetu taabu hazipo. Nyimbo za kukaribisha huwa hivyo, haziwezi kutaja ngazi. Ila ahadi ile imekuwa jibu la hoteli kwa kila swali, na ndiyo iliyonijibu kwenye simu. Usijali. Wapo. Tu. Lugha yetu ina hazina kubwa ya kumtuliza mtu, pole na usijali na haina neno, na nahofia tumeizoea kiasi kwamba mtu akishatulizwa tunaona kazi imekwisha.

Fasihi nayo haiwezi kukaa kando ikicheka. Wengi wetu tulisoma Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora tukijiandaa kwa KCSE, na tunamkumbuka Mwalimu Majisifu, aliyewaonea haya watoto wake wenye ulemavu. Walibora alikuwa anamkosoa Majisifu, hilo liko wazi. Lakini tazama kazi wanayopewa watoto hao: wao ndio kipimo cha tabia ya baba. Mtu mwenye ulemavu katika hadithi zetu nyingi yuko pale ili tumjue mwingine, kama ni mwema au mkatili, kama ana subira au hana. Mwombaji langoni, nyanya kipofu mwenye hekima, mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma. Nimesoma sana, na bado natafuta hadithi ya Kiswahili ambamo mtu wa kiti cha magurudumu anaenda Watamu na kuboeka. Anakula pweza kupita kiasi. Anatongozwa na mtu asiyemtaka, anamtongoza asiyemtaka yeye. Anaungua na jua mabegani. Mwandishi anayemwandika mtu huyo itabidi ajue mlango wa choo ulikuwa na upana gani, na hapo ndipo atakapogundua kwamba hadithi yake haiwezi kuanza.

Kwa sababu raha ndiyo jambo tunalonyimwa kimyakimya. Hospitali watu wanaelewa, tutasaidiwa kufika. Shule, ofisi ya serikali, kanisani: wanaelewa. Ufuoni mtu huuliza kama daktari ndiye aliyeniandikia maji ya chumvi, na mama mmoja wa Nakuru aliniombea pale pale, mkono juu ya kichwa changu, huku aiskrimu yangu ikiyeyuka. Alikuwa na nia njema. Hakuwaza kwamba huenda nimekuja kwa ajili ya aiskrimu.

Ukurasa ninaoungoja hauna ushairi. Uandikwe hivi: mlango wa chumba, sentimita 85, wa choo, 85, unafunguka kwa nje. Kutoka bustani hadi mchanga, hakuna ngazi. Mchanga mkavu, mita 30, mkeka umetandikwa mchana kutwa, harusi iwepo isiwepo. Kiti cha magurudumu manene, kimoja, kiko mapokezi. Na waweke saa za maji. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi, wavuvi wa hapo nje wanalijua kwa kichwa. Siku za bamvua, saa nne asubuhi bahari huwa iko mbali, na vijana wanne watatoka jasho bure. Saa kumi alasiri, siku hiyohiyo, maji yenyewe huja hadi karibu na ukuta.